Ushauri: nimpeleke mamangu Tsavo mchana, au tutafute safari ya usiku?

BintiWaKisauni
Assalaam aleikum wadau. Mamangu ana miaka 68, kazaliwa Kibokoni, kalea watoto saba, na hajawahi kumuona ndovu kwa macho yake. Watoto tumechanga tumpeleke Tsavo Mashariki mwezi wa nane, tulale usiku mmoja. Tuko sita, mdogo ana miaka mitano. Kakangu ang'ang'ania safari ya usiku, asema mchana simba hulala tu. Ajenti mmoja hapa Mombasa ameahidi kutuzungusha ndani ya mbuga hadi saa nne usiku kwa malipo ya ziada, na ataka arubuni kesho. Magoti ya mama yamsumbua. Nilipe?

DerevaWaVoi
Dada, usitoe hata shilingi. Tsavo ni mbuga ya taifa chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na gari la wageni haliruhusiwi kutembea ndani usiku. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jua likitua uwe umetoka au umefika kambini. Anayekuuzia usiku ndani ya mbuga ama haijui kazi ama akutafutia kesi. Kiingilio nacho hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, na mbebe vitambulisho mpate bei ya raia.

Safari za usiku zipo, lakini kwenye hifadhi za jamii na za watu binafsi nje ya mpaka, kama zile za upande wa Taita. Mnapanda gari la kambi, na kuna mtu wa kushika taa. Kakako ajue atakachoona: komba, kanu, nungunungu, fisi, na mkijaliwa chui au muhanga. Kwanza huona macho tu. Taa yapita kichakani, nukta mbili zang'aa, mnatulia, ndipo mwili uanze kujitokeza gizani. Wenye kujali hufunika taa kwa kioo chekundu, na swala hawammuliki, kwani taa ikimtia kiwi simba humkamata kwa makosa yenu. Na mtoto wa miaka mitano, ulizeni kwanza. Kuna kambi zisizowachukua wadogo usiku.

Mama mtoeni mapema asubuhi, kisha tena saa kumi jioni. Jua la utosini pumzikeni. Mwezi wa nane ni kiangazi, ndovu hushuka bwawa la Aruba kwa makundi, wamejaa vumbi jekundu utadhani wamepakwa. Zimeni injini. Atasikia maji yakivutwa kwa mikonga, na masikio yakipiga mabega.

NahodhaLikoni
Mimi namuunga mkono kaka. Simba hulala hadi saa 20 kwa siku; mchana niliona mkia na nzi. Usiku, upande wa Taita, alinguruma karibu nasi hadi nikahisi kifua chatetema. Sijasahau mpaka leo. Ila epukeni mwezi wa kumi na nne, giza likiwa zito ndipo mawindo yanoga. Na mbebe majaketi, gari wazi lina upepo.

MamaWaMtwapa
Mbona hamjataja kambi zenye bwawa la maji mbele ya vyumba? Usiku huwasha taa hafifu, ndovu huja kunywa wenyewe. Mama ataketi kibarazani na leso yake begani, bila kurushwarushwa na barabara. Kwenda, pandeni treni ya SGR hadi Voi, ile ya asubuhi inayosimama vituoni, gari liwapokee huko. Ni kilomita 150 na kitu. Kwa magoti hayo, treni ni bora kuliko kubanana na malori njia nzima.

BintiWaKisauni
Allah awalipe kheri. Ajenti nimemkatalia. Tutalala kambi yenye bwawa, na kaka akitaka usiku wake atabaki siku ya pili upande wa Taita kwa pesa yake. Nilimwambia mama baada ya isha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza avae viatu gani. DerevaWaVoi, gari gani ataweza kupanda?

DerevaWaVoi
Chukueni matatu ya kitalii yenye paa la kuinuliwa, si Land Cruiser. Mlango wa matatu uko chini. Mama akae dirishani nyuma ya dereva, na mbebe kigoda cha kukanyagia. Viatu: vya wazi vyatosha, hatashuka garini.