Tupeane uzoefu: Uliyemwomba, uliyemwona au uliyemsikia, alikuwepo kweli au ni akili zetu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, naomba tulijadili kwa heshima. Sitaki tugombane dini ya nani ni ya kweli. Nataka kila mtu aeleze kilichompata yeye mwenyewe, halafu aseme leo anakielewaje. Nianze mimi.

Nimezaliwa Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ukitoka nje ya boma unautazama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Kwetu Wamaasai, Engai, yaani Mungu, ni mmoja ila ana sura mbili: Engai Narok, mweusi, mwenye mvua na majani; na Engai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira. Nilipokuwa layoni, kijana ambaye hajatahiriwa, nachunga mbuzi, sikuwahi kujiuliza kama yupo. Yupo pale, naona moshi wake.

Mwaka 2007, mwezi wa saba, ardhi ikaanza kutetemeka. Siyo mara moja. Usiku, asubuhi, tukiwa machungani, mpaka mbuzi wakawa wanasimama ghafla na kutega masikio kabla sisi hatujasikia kitu. Wazee wakasema Engai amechukia. Yeyo, yaani mama yangu, na akina mama wenzake wakachukua maziwa kwenye vibuyu, wakang'oa nyasi mbichi wakazishika mikononi, wakaenda chini ya mlima kuomba. Walikuwa wanaimba. Nyimbo zile nikizikumbuka sasa hivi mwili unasisimka.

Mwezi wa tisa mlima ukalipuka. Majivu yakaanguka kwenye malisho, ng'ombe wakakosa pa kula, watu wakahama na mifugo. Mwaka uliofuata ukatulia. Kwa yeyo hapakuwa na swali: tuliomba, akasikia.

Mimi nikaenda shule, baadaye chuo, nikasoma miamba. Nikajifunza kwamba ile mitetemeko ilitokana na mwamba ulioyeyuka kujipenyeza kwenye ufa chini ya mlima Gelai, jirani kabisa na kwetu. Kwamba Lengai ndiyo volkano pekee duniani leo inayotoa lava ya aina yake, nyepesi inayotiririka kama maji, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava za kwingine hupita 1,000. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Yale meupe ya kileleni tuliyokuwa tukiyaona tangu utotoni, kumbe ndiyo hayo.

Nikarudi likizo nikamweleza yeyo yote, taratibu, kwa Kimaasai. Hakunikatisha. Nilipomaliza akaniuliza: "Sasa siku ile sisi tulikuwa tunaongea na nani?"

Nawauliza na nyinyi. Karibuni.

Zamu_ya_Usiku

Asante kwa mada. Mimi ni muuguzi, Mzanzibari.

Kwa miaka miwili nilikabwa na jinamizi. Naamka, macho yanaona chumba kizima, feni inazunguka, lakini siwezi kuinua hata kidole. Kuna mtu amekaa kifuani. Namsikia anavyopumua. Mara ya kwanza nilimwona kabisa, bibi kizee, amejitanda kanga. Ndani ya moyo nikaanza Ayatul Kursiyyu, kabla sijafika mwisho akaondoka.

Mama aliposikia akanisimulia mwaka 1995, Popobawa, jini anayesemekana kuvamia watu usiku, aliposumbua Pemba na Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi makundi wakikesha, mwanamume mzima anaogopa chumba chake.

Baadaye kazini nikaelewa. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ili usitekeleze unachoota. Wakati mwingine akili inaamka mapema, mwili bado umefungwa, na ndoto inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Huwapata sana wanaolala chali na wenye usingizi uliovurugika, na mimi nilikuwa nafanya zamu za usiku mfululizo. Nilipobadilishiwa zamu, bibi kizee hakurudi.

Kwa hiyo yule najua hakuwepo. Lakini Mungu niliyemwita nikiwa pale chini sijamfuta. Ni vitu viwili tofauti, msivichanganye.

Kalenda

Langu fupi. Ukutani kwetu palikuwa na picha ya Yesu mwenye macho ya buluu. Nikiwa na miaka minane nilimuuliza baba kwa nini Mungu hafanani na sisi. Nikachapwa. Nimekuja kusoma kwamba Mgiriki mmoja, Xenophanes, alishasema haya yapata miaka 2,500 iliyopita: Waethiopia husema miungu yao ni myeusi yenye pua bapa, Wathrasia husema yao ina macho ya buluu na nywele nyekundu. Akaongeza kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu yenye umbo la ng'ombe na farasi. Tangu siku hiyo naamini sisi ndio tunaochora. Kama nyuma ya mchoro kuna mtu, sijui.

Mmatumbi

Mleta mada, swali la mama yako limenigusa kwa sababu kwetu swali hilo liligharimu damu.

Babu alipokuwa akitaja jina la Hongo, pepo wa kwetu, alikuwa anashusha sauti, hata mchana. Hongo ndiye aliyempanda mganga Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye maji, ndugu zake wakamtafuta wakijua amekufa, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua maji. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji.

Julai 1905 wakang'oa pamba ya Mjerumani kule Nandete, vita ya Maji Maji ikaanza. Mwezi uliofuata Kinjikitile akanyongwa. Risasi hazikugeuka maji. Baba mzazi wa bibi yangu aliondoka na dawa hiyo mwilini, hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Halafu Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliobaki.

Nilipokuwa kijana nilimchukia Hongo. Nilisema ni uongo uliotuua. Leo nina miaka 61 na nalitazama hivi: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni, nani mwingine angewasimamisha upande mmoja? Hapakuwa na jeshi, redio wala chama. Kulikuwa na jina la Hongo peke yake. Kama ni mawazo ya watu, basi mawazo yanaweza kuinua kusini yote na kuipeleka kaburini. Kitu chenye uwezo huo mimi siwezi kukiita si chochote. Ila kumwomba, hapana. Simwombi.

Dada_Mkubwa

Nimesoma yote. Nimeandika na kufuta mara tatu.

Mdogo wangu alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi, afya yake nzuri kabisa, anafanya biashara zake. Mchungaji mmoja, simtaji, akamwambia ameonyeshwa na Roho kwamba ameshaponywa, na akiendelea kumeza vidonge anamdharau Mungu. Akaacha. Alituficha miezi mingi. Tulipojua alikuwa hawezi kutembea.

Siku zake za mwisho aliniambia, "Dada, niliisikia ile sauti. Ilikuwa nzuri sana." Hakuwa anadanganya, aliisikia. Mimi bado naenda kanisani, kanisa jingine, na ninaomba kila siku. Lakini mtu akiniambia "Mungu ameniambia nikwambie", namsimamisha hapo hapo. Kama ana neno na mimi, aniambie mimi.

Wenye ndugu kwenye dozi, naomba mkawaulize leo leo kama bado wanameza.

Mleta mada

Dada, pole sana. Mungu ampumzishe. Nimempigia binamu yangu sasa hivi kwa sababu ya ulichoandika.

Mmatumbi

Pole mama yangu.

Mleta mada, hukutuambia. Mama ulimjibu nini?

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Sikumjibu, sikuwa na jibu.

Kabla likizo haijaisha aliniambia anakwenda kuomba, mvua zilikuwa zimechelewa. Nikamsindikiza, nikambebea kibuyu. Tulipofika aling'oa nyasi akanipa na mimi, nikazishika. Akamwaga maziwa, akaanza kuomba kwa sauti huku uso umeelekea mlimani. Aliwataja watoto wote saba kwa majina. La kwangu lilikuwa la mwisho, mimi ndiye kitinda mimba. Alilirudia mara mbili.

Nilikuwa nautazama mlima. Najua ndani yake kuna nini, mpaka kiwango cha sodiamu. Na zile nyasi sikuzitupa, nilirudi nazo mpaka nyumbani.