Matembezi ya kutazama ndege, msituni hadi uwanda wa juu: Marangu, Meru au Nyandarua?

BintiTanga
Habari zenu wadau. Mwishoni mwa Januari nataka kumtembeza mama. Ana miaka 63, miguu yake iko imara, na ndege ni mapenzi yake ya siku zote. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtambua chozi, kale kandege kanakofyonza maua, kwa sauti kabla sijamwona. Msitu wa Amani kule Muheza anaujua vizuri. Hajawahi kufika mahali miti inapoisha na lobelia, yale maua makubwa ya milimani, zinapoanza, na hilo ndilo ninalotaka alione.

Tunahitaji mwongozaji anayejua ndege. Kilele hatukitaki. Siku mbili, zikizidi sana tatu. Nimebaki na njia ya Marangu, Kilimanjaro (kambi ya Mandara au hadi ya Horombo), Mlima Meru hadi kambi ya Miriakamba, na Aberdare, yaani Nyandarua, upande wa Kenya. Mliofika, nisaidieni.

DarubiniMoshi
Karibu dada, na mama msalimie, shikamoo yake. Mimi naongoza watu Marangu, kwa hiyo nasema ninachokiona mara kwa mara.

Ukifuata njia ya siku moja, unatoka getini karibu mita 1,870 unafika Mandara mita 2,720. Watu wengi wanatumia saa tatu au nne. Kwa kutazama ndege hesabu saa sita. Huo wote ni msitu: mikulo mikubwa, ndevu za miti zinaning'inia, mbega juu. Shorobo wa Hartlaub, ndege mkubwa wa msituni, utamsikia akikoroma kabla ya kumwona. Akiruka ndipo mabawa yanafunguka mekundu, na wekundu ule unatokana na rangi yenye madini ya shaba ndani ya manyoya yenyewe. Kutoka Mandara mpeleke mama kasoko ya Maundi, ni mwendo mfupi. Pale msitu unaachia na vichaka vinaanza.

Ila nisikudanganye: lobelia zenyewe ziko juu zaidi, kuelekea Horombo, mita 3,720. Hapo lazima ulale Mandara kwanza. Mwili wa mtu wa pwani haupandishwi haraka.

Kwale_wa_Usa
Kwa Meru naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana nilienda na mama mkwe.

Kutoka geti la Momella mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati wapo kwelikweli. Saa ya kwanza tu tuliona twiga, nyati na ngiri. Halafu msitu: hondohondo wanapita juu na mabawa yao yanavuma kama feni, ndege trogoni amekaa kimya kwenye tawi hata ukaribie. Miriakamba ni mita 2,514. Lakini hapo bado uko msituni, dada. Vichaka vya juu unavipata ukielekea kambi ya Saddle, mita 3,570, na njia ile ni ngazi tupu. Mama mkwe alilia magoti siku mbili.

Tatizo langu kubwa lilikuwa mwongozaji tuliyepewa na wakala. Alikuwa kijana mwema, lakini alitembea kama anakimbizana na basi. Kila ndege nikiuliza, anajibu "huyo ni ndege wa msituni". Tulipishana na kundi jingine lililosimama nusu saa chini ya mti mmoja, na mwongozaji wao akawataja ndege saba kwa sauti tu. Mlima ule ule, siku ile ile, wenzetu wameona na sisi tumepita. Kabla hujalipa, ongea na mwongozaji mwenyewe kwa simu. Muulize shorobo anapenda matunda gani. Utajua.

KinangopWetu
Sasa sikieni upande wa Nyandarua. Huku uwanda wa juu ni mpana, na barabara inakufikisha. Ukiingia kwa geti la Mutubio gari linapanda katikati ya mianzi na miti ya hagenia, unatokea kwenye nyasi za mafungu, zaidi ya mita 3,000, na mama bado ana nguvu zake zote za kutembea. Halafu mnashuka mnatembea kuelekea maporomoko ya Karuru, ambayo yanaanguka mita 273 kwa hatua tatu. Kutembea mbali na gari omba askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana kuna nyati na ndovu.

Ndege? Kwale wa Jackson anavuka barabara mbele yako bila wasiwasi, na huyo kwenu hayupo. Kuna pia kandege kadogo ka kahawia ka nyasini, sistikola wa Aberdare, ambaye dunia nzima yuko kwenye nyanda za juu za Kenya pekee. Chozi wa mabawa ya dhahabu mtamwona. Ukibahatika, mondo mweusi. Bongo, yule mnyama mwenye pembe wa msituni, yuko, lakini usimwahidi mama.

Gari liwe la 4x4. Mvua ikinyesha ule udongo hauna huruma.

DarubiniMoshi
KinangopWetu, nakuheshimu, ila kupanda kwa gari unapoteza kitu. Ukitembea unasikia sauti zikibadilika moja moja: shorobo ananyamaza, mara kunguru shingo-nyeupe, mara upepo tu. Hilo dirisha la gari halikupi.

KinangopWetu
Kweli kabisa kaka. Lakini huyu ni mama wa miaka 63 kutoka pwani na wana siku mbili. Heri afike juu akiwa mzima atembee saa tatu kati ya maua, kuliko aishie Mandara akitazama juu.

Mtembezi_Nanyuki
Msisahau njia ya Sirimon, Mlima Kenya. Kutoka geti, mita 2,650, hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni kilomita tisa hivi za njia pana isiyo na ngazi. Unaanza kwenye miti ya podo unamalizia kwenye vichaka vya erika. Ukiamka kesho yake upande kidogo, utaanza kuona lobelia. Moja ya huko juu, lobelia ya Teleki, inachanua mara moja maishani kisha inakufa, na chozi mwenye mkia mrefu anaichota asali yake. Nimewahi kusimama mbele ya ua moja hadi vidole vikafa ganzi.

Neema_Njombe
Mkikosa nafasi huko, njooni hifadhi ya Kitulo, huku kusini mwa Tanzania. Januari maua yamejaa, okidi kila rangi, mbayuwayu buluu yupo. Mvua nayo ipo, mje na mabuti.

BintiTanga
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimemsomea mama majibu yote. Alipofika pale shorobo ananyamaza aliniambia nirudie. Kwa hiyo tumeamua Marangu, kwa siku tatu: kulala Mandara, siku ya pili kupanda taratibu kuelekea Horombo hadi lobelia za kwanza, kisha kurudi Mandara. Hatufiki Horombo kama pumzi yake haitaki. Wiki ijayo anapima presha kwanza.

DarubiniMoshi, nitakupigia. Mama anasema jiandae, atakuuliza kuhusu matunda ya shorobo.

DarubiniMoshi
Mwambie namsubiri. Aje na koti zito, glavu na darubini yake mwenyewe, na vitambulisho vyenu vya taifa msivisahau, maana getini vinapunguza kiingilio. Tutaondoka saa mbili asubuhi, na tutasimama kila anaposikia kitu.