Vitz niliyonunua wiki tatu zilizopita inachemsha, fundi anataka kufungua silinda hedi. Naomba ushauri kabla sijalipa

Mwalimu wa Iringa (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua Vitz ya 2006, namba D, injini ya 1KR ile ya piston tatu, kutoka kwa mtu binafsi Dar. Milioni 7.8, akiba ya miaka minne na mkopo mdogo wa kikoba. Siku ya kuikagua nilikuta imeshawashwa, ina joto, AC inapuliza vizuri. Fundi niliyekwenda naye aliisikiliza akasema injini haina kelele, nikalipa.

Dar mpaka Mikumi haikunisumbua. Kupanda Kitonga, niko nyuma ya lori la mafuta linalotambaa, taa nyekundu ya joto ikawaka. Gari hii haina mshale, ina taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Nikaegesha, nikazima, nikainua boneti. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni ya mfuniko wa rejeta kwa mlio kama wa birika. Nilishaviringisha kitenge mkononi niufungue, utingo wa lori lililokuwa nyuma yangu akanidaka mkono: "Dada, usifungue, utaungua uso." Tulisubiri karibu saa nzima. Ulipofunguliwa, rejeta ilimeza chupa mbili za maji za lita moja na nusu.

Tangu hapo hali iko hivi. Safari fupi za mjini haichemshi. Nikiwasha AC nikapanda kutoka Ipogolo kuja mjini, taa nyekundu huwaka. Kila siku mbili naongeza kama nusu lita ya maji, lakini chini ya gari sioni tone. Na asubuhi taa ya bluu inakaa muda mrefu sana, naweza kufika shuleni kilomita tisa ndiyo kwanza inazimika.

Fundi wa hapa aliangalia dakika tano akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa. Anataka laki nne na nusu, gari ibaki kwake wiki nzima. Hela hiyo sina bila kukopa tena. Je, ni kweli ni gasketi?

Dereva wa masafa

Pole sana dada, na huyo utingo Mungu ambariki. Maji ya kwenye rejeta yamefungiwa kwa presha, ukilegeza mfuniko yanalipuka kuwa mvuke papo hapo. Nimemwona mtu aliyeungua kifua na shingo kwa sababu hiyo.

Ikikutokea tena njiani: zima AC, washa hita iwe ya moto kabisa na feni ya ndani mwisho, fungua vioo. Hita ni rejeta ndogo, inavuta joto kutoka kwenye injini mpaka upate pa kuegesha. Ukishasimama usimwagie injini maji ya baridi. Injini hiyo ni aluminiamu, inaweza kupinda au kupasuka.

Mkazi wa Mbagala

Waambie watoe thamostati, ile vali ya joto kwenye njia ya maji ya injini. Huku Dar gari nyingi hazina na zinadunda. Thamostati ni ya nchi za barafu.

Fundi rejeta

Mwalimu, usimlipe mtu yeyote kabla ya vipimo. Gasketi huwa inakufa kweli, lakini mara nyingi ni matokeo ya kuchemsha, chanzo kiko kwingine. Ukibadilisha gasketi ukaacha chanzo, utarudi pale pale baada ya mwezi.

Kesho asubuhi, gari ikiwa imelala na imepoa kabisa, fanya haya. Fungua mfuniko wa oili, utazame kwa ndani, halafu vuta kijiti cha kupimia oili. Ukiona utando mzito kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Fungua mfuniko wa rejeta, tazama rangi ya maji, kisha mwambie mtu awashe injini huku wewe unaangalia pale mdomoni. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Mapovu yasiyokatika, au maji kurushwa nje, ni gesi ya moshi inayopenya kutoka kwenye silinda. Minya mpira wa juu wa rejeta dakika mbili baada ya kuwasha. Ukiwa mgumu kama jiwe wakati injini bado ni baridi, hapo gasketi ina kesi. Tazama pia moshi wa ekzosi. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dalili mbaya.

Kagua na mfuniko wa rejeta wenyewe, zile raba zake mbili. Watu wanaudharau. Iringa mjini mko juu zaidi ya mita 1,500, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi kama 95, siyo 100 ya Dar. Mfuniko mzima unashikilia presha na kupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 na zaidi. Ukichoka, gari iliyokuwa salama Kariakoo itachemka Kitonga.

Ndugu wa Mbagala, samahani, hapo kwenye thamostati sikubaliani nawe. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake, inaanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82, na kuilinda isishuke hapo. Bila hiyo gari inatembea baridi, inakunywa mafuta na kuchakaa. Kwenye baadhi ya injini ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani unachemsha vilevile. Mwalimu, hiyo taa yako ya bluu inayochelewa kuzimika inanifanya niamini kwamba yako ilishatolewa zamani.

Muuza magari mstaafu

Iuze haraka kabla hawajagundua. Ipeleke mnadani ikiwa imepashwa.

Mama wawili

Kaka, ndivyo alivyouziwa yeye. Anayeipata baadaye naye atapanda na watoto wake humo ndani, taa iwake usiku katikati ya Mikumi. Kama anauza, auze akisema ukweli wa tatizo na apunguze bei.

Mwalimu wa Iringa

Nimefanya vipimo vyote leo alfajiri, mume wangu akiwasha na mimi nikiangalia. Oili ni safi, kahawia tu. Mapovu yalitoka kidogo yakakoma. Mpira wa juu ulikuwa laini. Moshi hakuna.

Raba ya chini ya mfuniko imepasuka, ukiikunja inafunguka kama mdomo. Ila kilichonishtua ni maji. Yana rangi ya mchuzi, na nilipopaka kidogo kwenye vidole nikanusa, ni binzari. Nimepika maisha yangu yote, siwezi kuikosea harufu hiyo. Mdomoni mwa rejeta kuna tope la njano linalokwaruzika kwa kucha.

Baadaye nikaiwasha mpaka feni ikazunguka, nikazima, nikagusa rejeta kwa mbele kwa uangalifu. Juu moto hauvumiliki, chini upande wa kushoto baridi kabisa, naweza kuacha kiganja.

Fundi rejeta

Basi tumeshapata mahali pa kuanzia. Binzari ni dawa ya mtaani ya kuziba rejeta inayovuja. Inavimba, inaganda kwenye tundu, uvujaji unakoma kwa siku kadhaa. Lakini haichagui tundu, inaganda pia ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Hapo kiganja chako kilipokaa ni pamezibwa, maji ya moto hayafiki. Injini ikiwa na kazi ndogo nusu rejeta inatosha, ukipanda mlima na AC haitoshi.

Nusu lita inayopotea nayo huenda inatoka kama mvuke kwenye huo mfuniko uliopasuka, ndiyo maana chini pakavu.

Mpe fundi kazi hii kwa mpangilio: amwage maji, asafishe mfumo mzima pamoja na hita, afungue nyumba ya thamostati mbele yako. Rejeta ikishasafishwa ijazwe na kupimwa kwa presha. Nina wasiwasi itavuja, kwa sababu hakuna anayetia binzari kwenye rejeta isiyovuja. Kama anasisitiza gasketi, mwombe kipimo cha ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi, au apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote tatu. Anayekataa kupima asiguse hedi.

Dereva wa masafa

Naongeza moja. Usitegemee taa nyekundu peke yake. Maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, haisomi sawasawa, injini inaungua huku dashibodi imenyamaza. Kila asubuhi tazama kidumu cha akiba cha maji ya rejeta.

Mwalimu wa Iringa

Narudi na mrejesho, siku kumi na mbili sasa. Nilibadilisha fundi. Huyu alikubali nisimame pale tangu mwanzo. Maji yaliyotoka yalijaza ndoo, na chini ya ndoo tope likabaki unene wa kidole. Alipofungua nyumba ya thamostati ndani hapakuwa na kitu, imebaki alama ya mviringo ilipokuwa raba yake. Nilisimama nikaitazama ile nafasi tupu, nikakumbuka gari lilivyokuwa limeshapashwa moto siku ile ya kulikagua.

Rejeta ilivuja kama mlivyosema, pale plastiki ya juu inaposhikana na aluminiamu. Tukaweka rejeta nyingine, thamostati mpya, mfuniko wa presha ya 1.1 kama wa zamani ulivyoandikwa, na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Kompresheni ilipimwa, silinda zote tatu zinalingana. Jumla na ufundi ni 265,000. Hedi haikufunguliwa.

Fundi rejeta

Hongera. Hewa walitoa? Mfumo ukijazwa upya hewa hubaki kwenye hita na kuleta joto la ghafla. Na feni inakata na kurudi?

Mwalimu wa Iringa

Walitoa, injini ikinguruma na mfuniko uko wazi mpaka mapovu yakaisha. Feni inawaka, inazima, inawaka tena. Taa ya bluu sasa inazimika kabla sijatoka mtaani kwetu.

Jumamosi tulishuka Kitonga mpaka Mahenge, tukageuza na kupanda. AC iliwaka njia nzima, malori yalikuwa mbele yetu, na mume wangu hakuondoa macho kwenye dashibodi hata mara moja. Taa nyekundu haikuwaka. Nilipofika juu niliegesha pale pale nilipokutana na yule utingo, nikazima, nikasubiri nisikie ule mlio wa birika. Haukutoka. Kwenye kidumu cha akiba nilichora mstari kwa kalamu ya wino siku ya kutoka gereji, na leo asubuhi maji yako kwenye mstari.