Hizi "taarifa kwa vyombo vya habari" za vitabu hapa Tanga, nani anawaandikia?

BomboJuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sibembelezi mtu. Ukifika msimu wa kuzindua vitabu hapa Tanga, meza za habari zinajaa barua zenye nembo, muhuri na sahihi, na ndani hamna habari hata ya kuchovya. Kitabu kisipotoka gazetini, maneno yanaanza: waandishi wa habari hawathamini fasihi, Tanga tumetengwa, wanataka bahasha ya hela. Mkoa aliozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909! Watunzi, someni kwanza mlichotuma.

Kinachotumwa ni hiki: kurasa tatu za PDF iliyopigwa skani, tena imepinda. Aya ya kwanza inamshukuru Mungu. Ya pili inamtaja Mkuu wa Mkoa, ya tatu Mkuu wa Wilaya, Mstahiki Meya na kamati ya maandalizi mtu mmoja mmoja. Jina la kitabu linajitokeza ukurasa wa pili. Bei hamna. Pa kukinunua hamna. Namba ya simu ni ya steshenari ilikochapwa barua. Hiyo ni kadi ya mwaliko iliyonenepa, na imeandikwa imfurahishe mgeni rasmi.

Kitabu kutoka, peke yake, si habari. Vinatoka kila wiki. Habari ni kile kilichomo ndani kinachomgusa hata mtu ambaye hatakinunua. Tuseme mtu kaandika mwongozo wa kilimo cha mkonge. Taarifa yake itaanza hivi, nawaapia:

"Mtunzi nguli na mahiri, Bw. Fulani bin Fulani, anayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma wa Watanzania na Afrika Mashariki kwa ujumla ujio wa kitabu chake cha kipekee..."

Maneno 27, na mkonge bado haujatajwa. Jaribuni hivi:

"TANGA. Mkulima mdogo wa mkonge anaweza kupiga hesabu ya gharama za ekari moja kabla hajapanda mche wa kwanza, kwa kutumia mwongozo mpya wa kurasa 96 utakaoanza kuuzwa Ngamiani Jumamosi, Julai 12, kwa Sh8,000."

Maneno 33. Nini, kwa nani, wapi, lini, bei gani. Jina la mtunzi linakuja aya ya pili, labda awe anajulikana nchi nzima. Mhariri akibanwa na nafasi hukata kuanzia chini, kwa hiyo aya hii ikibaki peke yake bado ni habari kamili. Na andikeni tarehe: "Jumamosi hii" ikisomwa Jumatatu inampeleka mtu dukani wiki isiyo yake. Wala msianze na habari ya Dkt. Richard Hindorf kuleta mkonge mwaka 1893. Tanga nzima inaijua, na mhariri wa Dar akiihitaji ataitafuta mwenyewe. Yeye anataka jipya.

Taarifa nzima isizidi maneno 350 hadi 400, ukurasa mmoja. Kichwa maneno kama kumi, nacho kiwe na kitenzi. Nukuu ya mtunzi moja, basi, na iwe imebeba kitu: hesabu aliyoipata, hoja anayoipinga, kosa ambalo wakulima hulirudia. "Nimefurahi sana na namshukuru kila mmoja" haichapishwi popote. Nukuu ya pili, ikiwepo, itoke kwa mtu asiye na faida kwenye kitabu, mfano bwana shamba, na awe ameyasoma maneno yake akayakubali. Kuna watu wanamtungia mtu nukuu, mwandishi wa habari anapiga simu kuhakiki, mwenyewe anakana. Hapo mtunzi kajifungia mlango kwenye meza ile, na si kwa kitabu hicho tu.

"Cha kwanza Tanzania", "bora kuliko vyote", "cha kipekee": futa. "Cha kwanza" ni dai, na dai linahitaji kuthibitishwa. Mhariri hana muda wa kukuthibitishia, anaweka kando taarifa yote.

Mwisho kabisa wasifu wa mtunzi, maneno 50, siyo CV yake tangu shule ya msingi. Kisha simu ya mtu anayepokea. Kisha neno MWISHO, ili anayesoma ajue hakuna ukurasa uliopotea.

MwakilishiWaMkoa

Ongeza hapo kwenye skani. Wawakilishi wengi wa magazeti mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi. Ukinipa picha ya karatasi, siwezi kunakili hata mstari. Inabidi nichape upya herufi kwa herufi, na majina nitakosea. Pembeni kuna habari nyingine imekuja na maandishi yake tayari. Nichukue ipi?

Bandika maandishi ndani ya baruapepe yenyewe. Faili ya Word unaweza kuambatisha pia, lakini isiwe ndiyo pekee. Na ile sehemu ya mada usiandike "Taarifa kwa vyombo vya habari"; zote zinaitwa hivyo. Andika kichwa cha habari yako.

Picha ndiyo balaa kubwa zaidi. Gazeti linachapa kwa nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha ya upana wa sentimita 10 tu inataka pikseli kama 1,180. Mtu anakutumia jalada alilolipiga kwa simu chini ya taa, linang'aa katikati, tena kwa WhatsApp ambayo imeshalibana. Omba faili halisi ya jalada kwa aliyelisanifu, JPEG. Kama lazima WhatsApp, itume kama hati, si kama picha. Tuma mbili: jalada, na sura ya mtunzi inayoonekana macho. Picha ya watu 14 wamesimama na mgeni rasmi haina kazi. Na kila picha iwe na maelezo yake: nani, wapi, lini, kuanzia kushoto, na nani kaipiga.

RafuNaRisiti

Mimi upande wa dukani. Taarifa ikitoka vizuri redioni, mteja anakuja siku hiyo au kesho yake. Sasa kama duka halina nakala, habari yote imekwenda na maji. Kwanza peleka vitabu dukani, ndipo utume taarifa. Watu wanafanya kinyume, halafu wanatulaumu sisi.

Mwishoni mwa taarifa weka kisanduku cha maelezo ya kitabu. Humo tunahitaji: jina kamili la kitabu kama lilivyo kwenye jalada, mtunzi, mchapishaji, idadi ya kurasa, bei, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu), maduka kilipo na namba ya kulipia kwa simu kwa walio mbali. ISBN hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni tarakimu 13, na watu wanazikosea kila leo. Kuna njia ya kuihakiki: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi ya 13, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10 bila baki, umekosea. Dakika mbili. Tarakimu moja ikiharibika, anayeagiza akiwa Mwanza hakipati kitabu.

Kaole_Kusini

Huku Bagamoyo tuna ugonjwa wetu. Mtu anaona Dar ni kilomita 70 hivi, basi anawaalika waandishi wa Dar kwa taarifa ya jana yake. Hawaji, gari la ofisi lina ratiba. Wengine wanasahau kuwa makao makuu ya Mkoa wa Pwani ni Kibaha, na wawakilishi wengi wa mkoa wako huko, si hapa. Ukitaka waje, wape siku saba. Ukijua hawatakuja, usiite hafla. Tuma taarifa iliyokamilika na picha, wachapishe wakiwa wamekaa.

Muda nao mnauchezea. Jarida la kila mwezi, miezi miwili hadi mitatu kabla. Kurasa za makala za wiki, wiki mbili. Gazeti la kila siku, siku tano hadi saba. Redio, siku tatu, kisha ukumbushe asubuhi ya siku yenyewe. Tuma saa 3 au saa 4 asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa mchana hapa pwani nani atakusomea? Na katikati ya Juni usijaribu kabisa, bajeti inasomwa Dodoma na kurasa zimejaa kodi. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, wahariri wenyewe wanatafuta cha kuandika kuhusu lugha. Taarifa iwafikie Juni mwishoni, siyo Julai 7 saa 8 mchana.

Mtunzi_Mnyonge

Mnatuonea jamani. Mtunzi kalipa uchapaji, kalipa jalada, sasa awe na mwandishi wa habari pia? Na hiyo bahasha mnajifanya hamuijui?

BomboJuu

Ndugu yangu, bahasha ipo, sitakudanganya, na ni aibu. Lakini hata anayeipokea hawezi kuandika bei usiyomwambia. Na ukurasa mmoja hauhitaji kuajiri mtu. Unahitaji kumwondoa mgeni rasmi kwenye aya ya kwanza, hilo tu, na hilo ndilo linalowauma watu.

Mnaomtaja Ivy Lee wa Marekani kwenye semina zenu, yule anayehesabiwa mwanzilishi wa taarifa za namna hii: mwaka 1906 treni ya kampuni aliyoiwakilisha ilipata ajali Atlantic City, akawapa waandishi maelezo kamili ya kilichotokea, na The New York Times wakayachapisha kama yalivyo. Hakuandika "kampuni nguli na mahiri".

SautiYaMwambao

Redio msitusahau. Taarifa ya gazeti haisomeki hewani. Tutengenezee toleo fupi: sekunde 60 ni kama maneno 110 hadi 120 kwa Kiswahili, kwani maneno yetu ni marefu. Namba ziandikwe kwa maneno, "shilingi elfu nane". Mabano usitumie, msikilizaji hayaoni. Jina gumu liandikwe linavyotamkwa. Bei na mahali virudiwe mara mbili, mwanzoni na mwishoni, maana kuna aliyewasha redio katikati. ISBN iache, hakuna anayeinakili akiwa kwenye bajaji. Na kama unataka mahojiano, weka maswali matano chini ya taarifa. Mtangazaji hajakisoma kitabu chako na hatakisoma kabla ya kipindi.

Mtunzi_Mnyonge

Haya. Na hawa wanaotutoza hela kwa kutusambazia "vyombo 200"?

MwakilishiWaMkoa

Mwambie akuonyeshe orodha kabla hujalipa. Utakuta blogu zilizokufa, anwani za jumla ambazo hakuna anayezifungua, na dawati la michezo. Halafu anazituma zote kwa mpigo, anwani 200 zinaonekana juu, kila mhariri anajua wenzake wote wametumiwa. Zinaishia kwenye taka. Tengeneza orodha yako ya watu 15: dawati la makala, la utamaduni, la kilimo kama kitabu ni cha kilimo, mwakilishi wa mkoa, redio tatu za hapa. Kila mmoja baruapepe yake, jina lake juu, na mstari mmoja unaosema kwa nini inawahusu wasomaji wake. Piga simu mara moja tu, siku mbili baadaye, asubuhi. Usiulize "mmeitoa?" Uliza kama kuna kinachokosekana.