Sheria za Nafaka za Uingereza: ushuru wa 1828 uliharibikia wapi?

Kibaba: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwaka 1815 Uingereza ilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kwota, kipimo chao cha takriban kilo 218. Mwaka 1828 wakalegeza: bei ya ndani ikipanda, ushuru wa ngano ya nje unashuka, bei ikishuka, ushuru unapanda. Mkulima analindwa, mlaji anapata nafuu. Sasa kilichoharibika ni nini?

Forodhani: Mkuu, kasoro ilikuwa kwenye viwango vyenyewe. Ngano ikiwa shilingi 66, ushuru ni shilingi 20 na peni 8. Ikifika 73, ushuru ni shilingi 1 tu. Mwenye ngano ya nje kwenye ghala la forodha, ambako ushuru hulipwa mzigo unapotolewa, akivuta subira, anapata shilingi 7 zaidi kwenye bei na kuokoa 19 na peni 8 za ushuru. Hiyo ni shilingi 26 na peni 8 kwa kila kwota! Nani atatoa mzigo mapema? Basi walishikilia shehena wakati mkate umeadimika, bei ikipaa wanafungulia maghala kwa mkupuo, soko linafurika, bei inaporomoka. Mkulima aliyekusudiwa kulindwa anaumia naye. Tena ushuru ulifuata wastani wa bei za wiki 6, hivyo kila mtu aliona unakoelekea.

Waziri Mkuu Robert Peel alishusha kiwango cha juu cha ushuru hadi shilingi 20 mwaka 1842, lakini faida ya kusubiri ilibaki. Mwaka 1846 akazifuta sheria hizo. Ushuru ulipungua kwa awamu hadi Februari 1849, ikabaki shilingi 1, nayo ikaondolewa 1869.

Mizani: Naongezea, maana wengi huchanganya hapa: biashara huria, yaani kuondoa ushuru wa kuzuia bidhaa za nje, si lazima iwe laissez-faire, yaani serikali kujiweka kando kabisa. Mwaka 1847 Bunge lilelile liliweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana viwandani. John Bright, kinara wa kupinga ushuru wa nafaka, aliipinga sheria hiyo.

Ireland, wakati huo chini ya Uingereza, ndiko tofauti ilikoonekana kwa uchungu. Viazi vilipooza mwaka 1845, serikali ya Peel ilinunua kimyakimya mahindi ya Marekani ya pauni 100,000. Serikali ya Waziri Mkuu John Russell iliyofuata ilisita kuingilia biashara ya chakula. Ushuru ulikuwa unashuka, ila asiye na fedha hanunui hata ngano isiyotozwa kitu, na meli ziliendelea kuondoka Ireland zimebeba shayiri huku watu wakifa.