Wana A ya sakiti lakini hawajui umeme unapita wapi: mitihani yetu inapima nini?

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya umeme katika chuo kimoja hapa Dodoma. Wiki iliyopita, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, nilifunga balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo kwenye betri ya volti 12, zikawaka kwa mwanga hafifu. Kabla sijaunganisha ncha mbili za balbu ya pili kwa kipande cha waya mtupu, nilimwuliza kijana mwenye A ya somo la sakiti, yaani njia anamopita umeme, nini kitatokea. Akajibu kwamba zote zitazimika. Nilipogusisha waya, ya pili ilizimika na ya kwanza ikang'aa sana, kwa kuwa ukinzani ulipungua na mkondo ukaongezeka. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, swali hili liko kwenye desa lipi?"

Simlaumu yeye. Kijana huyohuyo anakokotoa milinganyo ya Kirchhoff, ile ya mikondo na volti za sakiti, bila kuinua kichwa, kwa sababu maswali ya mtihani hurudi kila mwaka yakiwa yamebadilishwa tarakimu tu, na aliyekariri njia huzoa alama zote. Ninaowalaumu ni watunga mitihani. Nilipopendekeza idarani tuwe na maswali machache ya dhana yasiyohitaji kikokotoo, niliambiwa hayo ni ya sekondari.

Haya, na yawe ya sekondari, tuone wangapi watayajibu! Mwaka 1992 mwanafizikia David Hestenes na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio la aina hiyo kuhusu nguvu na mwendo, la maswali ya kuchagua, ambamo majibu yasiyo sahihi yametokana na fikra potofu za wanafunzi wenyewe. Mwaka 1998 mwanafizikia mwenzao Richard Hake alikusanya matokeo ya majaribio ya aina hiyo ya wanafunzi zaidi ya 6,000: waliosikiliza mihadhara tu waliziba wastani wa asilimia 23 ya pengo walilokuja nalo, yaani alama walizokosa mwanzoni mwa kozi, ilhali waliofundishwa kwa kujadiliana na kujaribu waliziba asilimia 48. Sisi pengo letu hatulijui, maana hatujawahi kulipima mwanzoni mwa muhula wala mwishoni.

Kisingizio cha muda sikikubali, kwani maswali ya kuchagua husahihishwa haraka kuliko kurasa nane za hesabu. Jumatatu kijana yule anaanza mafunzo kwa vitendo huko Kongwa, na huko atakabidhiwa nyaya zenye umeme.