Ripoti ya maoni ya hati ya jiji inaninyima usingizi. Nisaini au nijitoe kwenye kamati?

Kisima Kirefu (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri, na Ijumaa haiko mbali.

Jiji letu linapitia upya hati yake, ile inayosema meya ana madaraka gani, madiwani wanapatikana vipi, bajeti inapitishwa na nani. Kamati ni ya wananchi wa kawaida 24. Majina yalitolewa kwa bahati nasibu, langu likatoka. Kila mjumbe kapewa eneo lake la kukusanya maoni, na kwangu zimerudi fomu 61.

Suala kubwa ni moja. Sasa hivi madiwani wote wanachaguliwa na jiji zima, na sisi wa bondeni hatujawahi kupata hata mmoja. Wa juu ni wengi, wanachagua watu wao, mitaro yao inazibuliwa. Sisi mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza. Watu wangu wanataka kila eneo lichague diwani wake.

Ijumaa natakiwa kusaini kwamba maoni ya eneo langu ni sahihi. Moyo unasita. Nisaini au nijitoe?

Nahodha77
Jitoe mkuu. Kamati za namna hii wakubwa wameshaamua, nyie mnaitiwa picha ya pamoja.

Bi Mkubwa wa Kona
Usijitoe mwanangu. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya katiba ya ushirika wetu. Kifungu kilisema hundi isainiwe na mwenyekiti NA mweka hazina. Ilikuwa usiku, tumechoka, mtu akasema neno moja tu hilo, pitisheni twende. Tukapitisha. Mweka hazina akahama bila kuaga. Miezi minane hela yetu ipo benki na hatuwezi kuigusa, kisa "na" badala ya "au". Kurekebisha kunataka theluthi mbili ya wanachama wawepo ukumbini, na kila tukiita mkutano wanakuja nusu. Kwa hiyo kaa humo humo usome kila neno. Na kile kifungu cha namna hati yenyewe itakavyobadilishwa, hicho watu hukiruka. Wewe usikiruke.

Tumbili Mjanja
Mama hela mlizipata lakini? Umetuacha njia panda.

Bi Mkubwa wa Kona
Tulizipata. Tulimfuata mweka hazina alikohamia, safari ya siku mbili.

Mzee wa Vifungu
Hoja ya watu wa bondeni inasikika kwingine pia. Portland, kule Oregon, Marekani, walichagua baraza kwa kura za jiji zima tangu 1913. Hati yao inataka tume ya wakazi 20 iundwe angalau kila miaka 10 kuipitia. Tume ya mwisho ilipendekeza kanda 4, madiwani watatu kila kanda, na Novemba 2022 wapiga kura wakakubali. Kilichowasaidia ni kanuni moja: wajumbe 15 wakikubaliana, pendekezo linakwenda moja kwa moja kwenye kura, baraza haliwezi kulikalia. Angalia yenu inasemaje, maana mapendekezo mengi hufia mezani kwa madiwani walewale yanaowagusa.

Lakini mleta mada, hujatuambia tatizo. Fomu 61 zinazosema ukweli hazimnyimi mtu usingizi. Kuna nini humo?

Kisima Kirefu
Mzee umenibana.

Fomu 43 nilizijaza mimi. Msinirukie kwanza. Fomu ina kurasa sita, imeandikwa kama karatasi ya mahakamani. Watu wangu wanatoka alfajiri, wanarudi usiku. Nilipita mlango kwa mlango, nikawauliza kwa mdomo, wakaniambia ndiyo, tunataka diwani wetu. Nikarudi nyumbani nikajaza kwa majina yao. Sikubuni mtu. Ningewaacha hivi hivi, bonde lingepeleka karatasi 18 na wa juu mamia. Hiyo ndiyo haki?

Fundi Saa
Na hizo 18 zilizojazwa na wenyewe zinasemaje?

Kisima Kirefu
Swali hilo silo nililouliza mkuu.

Fundi Saa
Najua. Zinasemaje?

Kisima Kirefu
11 wanataka diwani wa eneo. 7 hawataki. Wanasema kila diwani atavutia mtaa wake, na bomba kuu la majitaka linapita maeneo matatu, likipasuka kila mmoja atasema si langu. Hoja yao ina uzito, sikatai. Lakini bado wengi ni wa upande wetu.

Fundi Saa
11 kwa 7, halafu zako 43 kwa sifuri. Atakayeziweka pembeni hizo karatasi ataona bila miwani.

Nahodha77
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mara bahati nasibu, mara mtu mmoja anazunguka na fomu na hakuna anayemkagua. Jiji halitajwi. Akaunti kafungua jana. Huyu katumwa na wasiotaka hati iguswe, ili kesho waseme mmeona, maoni ya wananchi ni ya kughushi.

Tumbili Mjanja
Ya moto kabisa hiyo, leteni vitafunwa.

Bi Mkubwa wa Kona
Nahodha, mtu anaomba msaada. Anayetunga haoni aibu hivi.

Nahodha77
Mama, anayetunga vizuri ndiye anayeona aibu. Ataje jiji.

Kisima Kirefu
Sitaji jiji. Nikilitaja, wale watu 43 wanajulikana kesho. Akaunti mpya ni kweli, ningeulizaje hili kwa jina langu la siku zote? Na hakuna aliyenikagua kwa sababu tulipewa wiki tatu na sanduku la fomu, basi.

Mzee wa Vifungu
Kamati za bahati nasibu zipo, Nahodha. British Columbia, Kanada, mwaka 2004 wakazi 160 walioteuliwa kwa njia hiyo walipitia mfumo wa uchaguzi wa jimbo. Maoni ya maandishi ya wananchi yaliwekwa mtandaoni, kila mtu asome. Kisima, hilo ndilo la kuliogopa. Fomu zikibandikwa, jirani akaona jina lake chini ya maneno asiyoyaandika, atakuja kwako. Na zile 11 za kweli zitatupwa pamoja na 43 zako.

Usisaini, usijitoe. Ziondoe zile 43 kwenye hesabu ya fomu. Andika ukurasa mmoja kwa jina lako: mjumbe alizungumza na kaya 43, tarehe fulani, hawakujaza fomu, walichosema ni hiki. Ushahidi wa mdomo unapokelewa ukiitwa ushahidi wa mdomo. Na uandike pia kwamba fomu ya kurasa sita iliwashinda watu. Hayo nayo ni maoni kuhusu hati.

Kisima Kirefu
Wataniondoa.

Mzee wa Vifungu
Huenda.

Kisima Kirefu
Narudi na mrejesho. Jioni hii nimepita kwa watu tisa kati ya wale 43, nikawasomea nilichowaandikia. Sita wamesema ndivyo, andika. Wawili hawakumbuki kama tuliwahi kuongea. Mama mmoja kaniambia alisema ndiyo ili niondoke, mtoto alikuwa na homa na mimi nimesimama mlangoni. Nilipomuuliza tena leo, kasema hajui diwani hufanya nini, hajawahi kumwona.

Zimebaki kaya 34, na Ijumaa ni keshokutwa. Hao wawili nawafuta. Huyo mama, Mzee, nimwandike wapi?